Stesheneri ya Mama Masjala, Mabibo, Dar es Salaam: CV ya shilingi 15,000 inalipa?

Niseme mapema ili mwenye haraka asimalize bando lake hapa. Kama unatafuta kazi na una elfu kumi na tano, mpelekee Mama Masjala akutengenezee CV na akufanyie usaili wa majaribio. Kwa habari ya LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, usimpe hata mia. Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi za serikali mtandaoni, jisajili mwenyewe kitandani kwako, ni bure. Waliobaki twende taratibu.

Mimi ni mtu wa stoo. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, na nimetunza leja za vipuri vya malori miaka sita kwenye ghala moja la Barabara ya Nyerere, mpaka kampuni ilipofunga tawi na sisi wa stoo tukawa wa kwanza kukabidhi funguo. Nalitaja hili ili ujue ni nani anayekupimia huduma. Mtu wa stoo hasaini kupokea mzigo kabla hajauhesabu, na hii stesheneri nimeihesabu kitu kimoja kimoja.

Duka lenyewe halina jina la kukumbukwa. Kibao cha nje kimeorodhesha fotokopi, laminesheni, pasipoti saizi na vocha, basi. Jina la Mama Masjala alipewa na wateja, kwa sababu alifanya kazi masjala ya ofisi ya serikali mpaka akastaafu. Kwa asiyejua, masjala ndiko barua inakofunguliwa, inagongwa mhuri wa kupokelewa, inapewa namba ya folio na kuingizwa kwenye jalada kabla bosi hajaiona. Huyu mama amefungua bahasha za waomba kazi tangu ujana wake. Ameona barua isiyo na tarehe, isiyo na saini, iliyoandikwa kwa mkurugenzi aliyehamishwa miaka mitatu nyuma, na ile ambayo mwombaji kasahau kubadilisha jina la kampuni nyingine aliyoiandikia juzi yake.

Bei zake nilizozikuta ni hizi. Kuchapiwa CV uliyoiandika mwenyewe, 5,000. CV ya kukaa naye mezani, pamoja na barua ya maombi na usaili wa majaribio, 15,000. Kusajiliwa Ajira Portal, 5,000. Wasifu wa LinkedIn, 10,000, na huo anautengeneza kijana wake, mjukuu, si yeye. Printi ya wino mweusi 200 kwa ukurasa, skani 500. Wakili anapita Jumanne na Ijumaa kugonga mhuri nakala za vyeti, bei yake mnaelewana wenyewe.

CV niliyokwenda nayo nilichapiwa stesheneri nyingine ya mjini. Ilikuwa na fremu ya maua pembeni, picha yangu nimevaa koti la kuazima, na mistari mitano ya mwanzo ya Kiingereza kile mnachokijua. Nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, kaa hapa. Akachukua rula ya mbao akaiweka chini ya mstari wa kwanza, akawa anaishusha mstari baada ya mstari huku midomo inacheza. Alipofika mwisho wa ile mitano akaipiga kalamu yote kwa mkato mmoja.

"Hii inasema wewe ni mchapakazi, mwaminifu, unajituma na unaweza kufanya kazi bila kusimamiwa," akaniambia. "Huyo kijana aliyekutangulia kwenye foleni kaandika hivyo hivyo. Nikikuficha jina hapa juu, nitajuaje kuwa ni wewe?"

Ndipo maswali yakaanza, na hapa ndipo ile elfu kumi na tano inapokwenda. Stoo yenu ilikuwa na aina ngapi za bidhaa? Elfu moja mia nne na kitu, mama. Mlikuwa mnahesabu lini? Kila mwisho wa mwezi tunahesabu sehemu, mwisho wa Juni stoo nzima. Mzigo ukipungua nani anajibu? Mimi. Ulishawahi kupungua? Nikamsimulia habari ya vichujio vya dizeli. Kila mwezi leja ilikuwa inaonyesha upungufu, walinzi wanapekua watu getini, mafundi wanaangaliana vibaya. Nikashuka kuhesabu katoni zenyewe, kumbe muuzaji alibadilisha ufungaji, katoni ikawa ya vichujio 10 badala ya 12, na karani wa kupokea ameendelea kuandika 12. Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na katoni ambayo hakuna aliyeifungua kabla ya kusaini.

Mama akavua miwani. "Na hili mbona halimo humu?"

Likaingia, kwa mistari miwili mikavu isiyo na sifa hata moja: aina za bidhaa, ratiba ya kuhesabu, upungufu uliokuwepo, ulikotoka, ulivyokwisha. Picha ikaondoka. Fremu ya maua ikaondoka. Hali ya ndoa, dini na mambo ninayopenda wakati wa mapumziko vyote vikaondoka. Kurasa nne zikawa mbili. Wadhamini watatu akanitaka niwapigie pale pale dukani, mmoja mmoja, niwaombe ruhusa na kuwakumbusha tulifanya wote kazi wapi. Mmoja namba yake ilikuwa imeshahamia kwa mtu mwingine, dada mmoja wa Kigoma ambaye hajawahi kuiona stoo maishani mwake. Mwajiri angempigia huyo.

Barua za serikali anazijua kama sala. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yana masharti yanayojirudia, na watu bado wanaanguka hapo hapo: barua iandikwe kwa Katibu na isainiwe, CV iwe na wadhamini watatu wanaopatikana, vyeti vilivyothibitishwa na wakili viambatanishwe, na zile hati za matokeo ya muda, zikiwemo za kidato cha nne na cha sita, hazipokelewi badala ya cheti. Mama hana haja ya kufungua tangazo kukwambia haya. Anakutajia huku anapanga karatasi kwenye mashine.

Usaili wa majaribio unaanza kabla hujajua kama umeanza. Ukishalipa anakwambia nenda nje kanywe maji, halafu anakupigia kwa namba usiyoijua. Nilipokea nikasema, "Haloo, nani mwenzangu?" kama tunavyosema wote. Akakata. Akapiga tena. Nikaambiwa kwa namba ngeni, katika kipindi cha kutafuta kazi, unapokea kwa kutaja jina lako. Na ule wimbo anaousikia mpigaji kabla hujapokea uondoe. Mbele yangu kuna kaka alitolewa wimbo wa singeli kwenye laini yake huku benchi zima linacheka, na mwenyewe anacheka. Picha ya WhatsApp nayo inakaguliwa.

Mezani anauliza maswali ya kawaida, ila hakubali majibu ya kawaida. Ukiambiwa ujieleze ukaanza na kuzaliwa Korogwe katika familia ya watoto saba, rula inagonga meza. Anataka uanze na kazi unayoifanya, sehemu uliyoifanya mwisho na jambo moja ulilolitatua. Ukiulizwa mshahara, usijibu "wowote tu." Ukiulizwa tangu kazi iishe unafanya nini, usiangalie chini. Hili la mwisho lilinichukua muda, maana kwa kweli ndilo linalouma, na yeye alinirudisha mara kadhaa mpaka nikaweza kusema bila kumeza mate kwamba tawi lilifungwa, kwamba najisomea mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na kwamba nahesabu stoo za watu kwa vibarua.

Sasa kuhusu moyo wa kuendelea. Nimekaa kwenye semina za hamasa humu mjini. Unatoka umepiga makofi na huna nauli. Mama Masjala hana hotuba. Yeye anakuuzia kaunta buku ya kwaya mbili, anaipiga mistari kwa ile rula yake na kuandika vichwa: tarehe, nafasi, nimepeleka kwa njia gani, nani kapokea, tarehe ya kufuatilia, jibu. Kila wiki milango mitano, na kila mlango uwe na jina la mtu. Wiki mbili zikipita bila jibu unafuatilia mara moja kwa simu au ujumbe wa heshima. Kukiwa kimya bado, unaufunga mstari kwa kalamu nyekundu na kusonga. Kwa mtu wa leja kama mimi hii ilikuwa lugha ya nyumbani. Kinachochosha kwenye kutafuta kazi ni maombi yanayoning'inia: hujui kama umekataliwa au umesahauliwa, na kila simu ikiita moyo unaruka. Mstari ukiufunga, unalala.

Nilimwuliza binti mmoja pale kwenye benchi, amesoma uhasibu, kama lile daftari linamsaidia. Yeye alikuwa kwenye ule msururu wa kuomba kazi TRA, mamlaka ya mapato, wa mwaka 2025, maombi 135,027 kwa nafasi 1,596. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya watu 80 kwenye kiti kimoja. "Dada," akasema, "pale sikushindwa mimi, palikuwa na watu. Ndiyo maana sasa natafuta milango yenye watu kumi." Sina la kuongeza.

Tuje kwenye kasoro, maana zipo.

LinkedIn ya kijana wake ni hasara tupu. Alinifungulia akaunti, akaweka ule mduara wa kijani wa kutafuta kazi kuzunguka picha yangu, na chini ya jina, mahali ambapo kila mtu anapasoma unapotoa hata maoni ya mstari mmoja, akaandika kwamba natafuta kazi yoyote. Kazi yoyote! Mama kanitoa jasho mezani nisiseme "wowote tu," halafu mjukuu wake ananitangaza hivyo hivyo dunia nzima. Nilirekebisha mwenyewe usiku: mtunza stoo wa vipuri vya malori, leja na ukaguzi wa mali, Dar es Salaam. Kisha nikaweka mpangilio wa kuonekana na waajiri peke yao, ambao upo, ila kijana hakuutaja. Kama bado uko kazini na unatafuta kimya kimya, jua kwamba LinkedIn wanajaribu kukuficha usionekane na waajiri wa kampuni yako lakini hawatoi hakikisho, kwa hiyo uwe na tahadhari.

Na hata ukiutengeneza vizuri, mtandao huo una watu wake. Mameneja wa ugavi wa migodi, mashirika na viwanda vikubwa utawakuta. Msimamizi wa ghala la Vingunguti yuko WhatsApp, na kabla ya WhatsApp yuko getini.

Ajira Portal kwa 5,000 ni pesa ya uvivu. Ukiwa na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), barua pepe yako na vyeti vilivyoskaniwa vikapunguzwa ukubwa, unamaliza kwa simu. Hapo Mama mwenyewe ni mkweli, anakwambia wazi kuwa analipisha muda wake tu. Pia anafanya jambo ambalo stesheneri nyingi hazifanyi: anageuza kioo cha kompyuta kwako uweke nywila mwenyewe, na hakubali kutumia barua pepe ya duka. Kuna kaka nilimkuta pale analia na akaunti iliyofunguliwa na duka jingine kwa barua pepe yao. Duka lilifungwa, nywila hana, tangazo la kuitwa kwenye usaili kalisikia kwa rafiki baada ya tarehe kupita. Popote utakapokwenda, hapa usikubali.

Kasoro nyingine ni joto. Feni moja, na inamwangalia Mama. Umeme ukikatika hakuna jenereta, unarudi kesho, na alishanifanyia hivyo siku ya mwisho ya tangazo fulani. Nikakimbilia duka la jirani kuprinti.

Kwa haki niseme pia kwamba kuna njia isiyolipiwa. TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, wanasajili watafuta kazi na wanatoa mafunzo ya namna ya kutafuta kazi na kujiandaa na usaili. Mhitimu asiye na uzoefu aanzie kule, kwa sababu wana pia utaratibu wa kuwaunganisha wahitimu na mafunzo ya uzoefu kazini. Mama Masjala anawafaa zaidi waliokwishafanya kazi mahali, wenye kitu cha kuchimbuliwa. Binti aliyemaliza chuo mwezi uliopita nilimwona akiulizwa maswali yale yale mpaka akaishiwa, ingawa mwishowe Mama alimchimbua kwamba alikuwa mweka hazina wa kikoba cha mama yake, na ikaandikwa.

Na kuna wale mawakala. Ofisi moja mjini iliniomba elfu hamsini "ya fomu" kabla hata ya kuniuliza nimesoma nini. Nilipomtajia Mama alicheka mpaka akashika meza. Wakala wa ajira analipwa na mwajiri anayetafutiwa mtu. Anayekulipisha wewe mtafuta kazi, basi mteja wake ni wewe, na biashara yake inaishia kwenye fomu.

Alichonifundisha Mama na ambacho hakimo kwenye orodha ya bei ni namna ya kugonga mageti. Kabla yake nilikuwa nashuka Tazara, natembea Barabara ya Nyerere naacha CV kwa mlinzi. Mlinzi ana boksi, na boksi halina mwenyewe. Yeye kasema: msalimie mlinzi kama mtu, mwulize mkuu wa stoo anaitwa nani, ondoka, rudi kesho na bahasha yenye jina hilo juu yake. Mlinzi hatupi bahasha yenye jina la bosi wake. Wengine walinipa jina na namba kabisa, wengine walinifukuza, mmoja pale karibu na Vingunguti alinipa kiti na kuniambia ghala la jirani yake ndilo lenye shida ya watu.

Jingine ni madereva. Madereva wa malori na vijana wa mawakala wa forodha wanaingia magodauni yote, wanajua wapi mzigo unapakuliwa saa sita usiku kwa kukosa karani. Niliandika tangazo fupi kwenye stetasi yangu mwezi wa tano: mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, nahesabu stoo za vipuri, nakupa orodha ya tofauti na sababu zake, na kile kisa cha katoni kwa mistari miwili. Mama alinipunguzia maneno nusu kabla sijaliweka, hakunidai kitu. Dereva mmoja wa zamani akalisambaza kwenye kundi lao. Nikapata vibarua vya kuhesabu, na mmoja kati ya hao walionipa kazi akaniita tena mwezi wa nane, nikasaini mkataba wa miezi sita. Mshahara haufiki ule wa zamani. Leja yao ilikuwa haijaguswa tangu karani wao aondoke, kwa hiyo kazi ipo.

Alama zangu, kama mnazitaka: CV na usaili tisa kwa kumi, kaunta buku kumi, LinkedIn mbili, hali ya hewa ya duka moja.

Ukienda, fika kabla ya saa nne asubuhi. Kuanzia mchana wanafunzi wa NIT, chuo cha usafirishaji, wanajaa na ripoti zao, na Mama akishaanza kubaindi hamsikilizi mtu. Beba vyeti halisi, namba ya NIDA, flashi isiyo na virusi, na wadhamini watatu ulioongea nao wiki hiyo hiyo. Lipa namba ipo, ila chenji ya noti kubwa hana. Jumapili amefunga.